Pua ya Uwamariya Yaingia Kwenye Ajenda

Inatangazwa kwa wakaaji wote wa Goma, wa ukingoni mwa ziwa na wa barabara ya kaskazini, wenye bidoni za maji na wanaoazima, kwamba siku ya Jumanne, saa tatu ya asubuhi, ndani ya uzio wa shirika la Bidoni Safi, kule Himbi, pua ya Mama Uwamariya itajadiliwa na kikao halali cha watu kumi na mmoja. Kila mwenye maoni juu ya pua hiyo aje nayo yakiwa yameandikwa. Fanta itatolewa.

Hivyo ndivyo tangazo lingesomeka kama ofisi ingekuwa na ujasiri. Lile lililobandikwa mlangoni lilisema tu: "Mkutano wa wafanyakazi wote. Swali: je, inafaa kuisema sura ya mwenzako mahali pa kazi?" Lakini hakuna aliyelisoma bila kujua ni sura ya nani, na katika sura hiyo ni kipande gani. Pua yenyewe, siku tangazo lilipobandikwa, ilikuwa Kyeshero, ziwani, ikinusa klori kama kawaida.

Mwenye pua alikuwa na miaka thelathini na sita, mzaliwa wa Rutshuru, na kwa miaka tisa mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika sindano. Si sindano ya kuchoma watu. Ni ile ya plastiki, isiyo na ncha, ya kuvuta dawa ndooni na kuisukuma ndani ya bidoni. Goma ina ziwa zima mlangoni na haina maji ya kunywa, ndivyo mji ulivyo. Watu wanashuka na bidoni zao, wanachota humo humo ambamo jirani anafua mablanketi na mwingine anaosha pikipiki, na pale juu ya mawe meusi amekaa mtu mwenye jile ya buluu, kizibao cha shirika, anatia dawa katika kila bidoni kabla haijapanda mjini. Mtu huyo wa Kyeshero alikuwa Uwamariya. "Ungoje nusu saa mbele ya kunywa," alisema mara mia tatu kwa siku, kwa Kiswahili, kwa Kinyarwanda, na kwa Kifaransa kwa wale waliokuja na bidoni ndani ya gari lenye vioo vya giza. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imebabuka na kuwa nyeupe kama ya mtu aliyelala ndani ya beseni.

Mkuu wake aliitwa Jean-de-Dieu Bulonza, chef wa programu, mtoto wa familia ya Kikatoliki iliyotoka upande wa Bukavu. Alikuwa mtu mwema, na shida yote ilianzia hapo, kwa maana mtu mbaya unamjua na unapita njia nyingine. Chef Bulonza alikuwa anazika na wewe, anachangia harusi yako, anakumbuka jina la mtoto wako aliyerudia darasa. Na kila Jumatatu, siku ambayo watu wa pointi zote za maji walikutana ofisini, alisimama karibu na lango na kikombe cha kahawa, akikagua miili ya wafanyakazi kama daktari wa mifugo.

"Perpétue! Ai, umenona! Nyumba inakupenda!"

"Aksanti, chef," alijibu Perpétue, sekretari.

"Modeste, ile tumbo ni ya nani? Mwenyewe anajua uko nayo?"

"Ni ya bibi yangu, chef. Mimi nabeba tu."

"Na Mama Uwa! Ona, ona, ona. Ile pua inaingia sasa, mwenyewe atafika saa ine."

Watu walicheka. Uwamariya naye alicheka. Miaka tisa alicheka, kwa meno, huku macho yakitafuta mahali pa kukaa.

Ni lazima kusema jambo moja juu ya pua na Goma. Katika miji mingine pua ni ya mafua. Goma, pua ni kitambulisho. Inasomwa kabla ya kile cha mfukoni, na yule anayeisoma hahitaji kuwa amemaliza shule. Kuna pua zinazopita popote na kuna pua zinazoulizwa: wewe ni wa wapi, baba yako ni wa wapi, na baba wa baba yako je? Kila zama mpya inapoingia mjini, pua zilizokuwa zinaulizwa zinapumzika na zile zilizokuwa zimepumzika zinaanza kuulizwa. Uwamariya alikuwa ameishi zama nne. Alikuwa mrefu, mwembamba, na katikati ya uso alikuwa na jibu ambalo watu walilisoma kabla yeye hajafungua mdomo.

Kulikuwa na jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu yeyote pale ofisini, lililotokea miaka miwili nyuma. Alikuwa anarudi kutoka upande wa Kibati juu ya pikipiki ya kukodi. Njiani kulikuwa na bariyeri: kamba iliyofungwa kati ya mijiti miwili, na vijana watatu. Mmoja alimwambia ashuke. Hakuomba karatasi. Aliweka kidole kimoja chini ya kidevu cha Uwamariya, akaunyanyua uso, akaugeuza kushoto, akaugeuza kulia, taratibu, kama mtu anayenunua mbuzi na hataki kuonekana anampenda. Kisha akawaambia wenzake, "Munaona?" Wakasema wanaona. Mwenye pikipiki ndiye aliyeanza kupiga kelele kwamba huyu ni mama wa dawa ya maji, amewatilia dawa wajomba zenu kambini, ninyi ni wajinga wa namna gani. Kamba ikashushwa. Kidole kile kiliondoka kwenye kidevu lakini hakikuondoka kabisa. Tangu siku hiyo hakupanda tena barabara ya kaskazini.

Mama yake tu, Mukamugema, ndiye aliyejua. Mzee huyo, ambaye Uwamariya aliishi naye Kyeshero, hakulia na hakuuliza mengi.

"Kitambaa, mutoto wangu," alisema. "Ufunge mupaka hapa kwenye nyusi. Na ukipita mbele ya watu, utazame chini kama mutu amepoteza ufunguo."

"Mama, nitatafuta ufunguo mupaka lini?"

"Mimi niko natafuta tangu nikiwa musichana," alisema Mukamugema, akaendelea kuchambua maharagwe.

Basi, mwezi wa pili, karatasi ikabandikwa ukutani: anatafutwa msimamizi wa pointi sita za maji, Kibati. Mwenye kazi hiyo awe na uzoefu wa miaka isiyopungua mitano. Ajue Kiswahili na Kinyarwanda. Ajue kupima maji. Uwamariya aliisoma mara tatu. Ilikuwa kana kwamba mtu amechukua maisha yake, akayapiga chapa, akaweka na muhuri.

Aliitaka kazi hiyo kwa sababu ambazo aliweza kuziandika, na aliziandika kwenye barua. Aliitaka pia kwa sababu ambayo hakuiandika. Alitaka kupita barabara ile tena, mchana, na jile na karatasi yenye jina lake, kama mtu aliyetumwa. Alitaka kufika pale palipokuwa na kamba akiwa ametazama mbele. Hakujua kama ataweza. Usiku alijiambia ndiyo, asubuhi alijiambia hapana, na barua akaipeleka wakati wa ndiyo.

Chef Bulonza alimwita baada ya wiki. Hakumwita ndani ya ofisi, alimwita kwenye ua, karibu na tanki, mahali ambapo watu wa Himbi huambiana habari za msiba.

"Mama Uwa, dosie yako ya kuomba kazi ni ya kwanza. Mbali sana. Ya pili hata haionekani."

"Aksanti, chef."

"Lakini." Akatazama tanki. "Unajua weye mwenyewe. Kule kuna watu walirudi, kuna watu walikimbia mara tano, kila mutu na kidonda yake. Sasa mutu anakuja kuweka dawa ndani ya maji yao. Dawa, Mama Uwa! Na yule mutu iko na... na ile sura. Ile pua. Watasema nini? Watasema wanawekewa sumu."

"Nimeweka dawa kwenye maji ya watu hao hao, chef. Kambini, Kanyaruchinya, kule walikimbilia. Miezi kumi na inne."

"Ilikuwa wakati ingine. Mimi niko nakuchunga, Mama. Niko nasema kama kaka yako."

"Na nani anaenda?"

"Modeste. Yeye iko na sura ya watu wote."

Ilikuwa kweli. Modeste Zihindula alikuwa na sura ambayo hakuna bariyeri iliyowahi kuiuliza swali. Ungeweza kukaa naye mezani saa mbili na kesho yake ukashindwa kumtofautisha na kabati. Alikuwa na uzoefu wa miaka miwili, na Kinyarwanda chake kilitosha kusalimia na kununua mahindi ya kuchoma, mradi mwenye mahindi asiulize kitu. Kupima maji alikuwa hapendi. Alikuwa na kipimo kimoja cha dawa, cha mvua na cha jua, na alikiita "kipimo cha kawaida".

Uwamariya alisema "sawa, chef", akarudi ziwani, na siku ile alitia dawa katika bidoni mia mbili na themanini bila kumwambia mtu angoje nusu saa.

Pale ofisini kulikuwa na sanduku la malalamiko, la mbao, lenye kufuli, kama lilivyo la kila shirika la Himbi. Wafadhili wanapenda kupiga picha mbele yake. Katika miaka sita lilikuwa limepokea barua nne: tatu za kulalamikia choo, na moja ya mapenzi, iliyokosea njia. Uwamariya aliandika sentensi mbili: "Nilinyimwa kazi ya Kibati kwa sababu ya pua yangu. Ninaomba kazi itolewe kwa kuangalia kazi." Hakutia jina, kwa sababu karatasi ya maelekezo ilisema jina si lazima.

Ijumaa Perpétue alifungua sanduku. Ilimbidi ajaze fomu, na fomu ilikuwa na visanduku vya kutia alama: wizi, ulevi, vitisho, mapenzi kazini, maneno juu ya sura ya mtu, mengineyo. Perpétue aliisoma barua, akaona neno pua. Pua ni sura. Akatia alama kwenye sura. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Angetia kwenye "mengineyo" angelazimika kueleza, na nafasi ya kuelezea ilikuwa mstari mmoja.

Kwa alama hiyo moja, Kibati ikatoweka. Kilichobaki ni swali la adabu: je, inafaa kuisema sura ya mwenzako mahali pa kazi? Na hilo, ndugu msomaji, ni swali ambalo kila mtu Goma ana jibu lake tayari na amekuwa akingoja miaka mingi aulizwe.

Jumanne wakakaa kwenye paiyoti, kibanda cha nyasi kilichojengwa kwa ajili ya semina. Chef Bulonza alisimama, uso umemshuka.

"Ndugu zangu, tumepata lalamiko. Halina jina, na sisi tunaheshimu siri ya mwenye kulalamika."

Watu tisa wakageuka kumtazama Uwamariya.

Muzee Hategekimana, mlinzi, ndiye aliyeomba neno kwanza.

"Mimi niko mulinzi. Kazi mulinipa ni kuangalia. Mutu anaingia, ninamuangalia, ninaona amekonda, mashavu imeingia ndani. Sasa nifunge mudomo? Kama ni vile, mutafute mulinzi kipofu."

"Kusema mutu amekonda ni kumuhurumia," mtu mmoja akaunga mkono.

"Na nguo?" aliuliza Modeste. "Mutu akivaa muzuri, nisiseme?"

"Nguo si mwili."

"Na nywele?"

"Nywele za kuzaliwa nazo ao za kununua?"

Hapo paiyoti ikawaka. Kwa dakika arobaini shirika la Bidoni Safi lilijadili kama nywele za kununua ni mwili au ni mali. Zilipigwa kura mbili. Muzee Hategekimana alishika msimamo kwamba kitu kinachotolewa jioni na kutundikwa msumarini hakiwezi kuwa mwili. Fanta ziliisha.

"Mimi," alisema Perpétue, "niliugua tifoidi mwaka jana. Siku nilirudi, ninyi wote mulinililia kwenye lango: Perpétue umekonda, Perpétue umekuwa kijiti. Nilisikia niko kati ya watu. Kama mungenisalimia tu bonjour, ningerudi nyumbani kulala."

"Munasikia!" chef akachangamka. "Munasikia? Perpétue anapenda!"

"Ninapenda, chef." Perpétue alikuwa ameshika kalamu ya kuandikia ripoti, na aliendelea kuitazama. "Ila ile Jumatatu ya mwezi wa kumi, ile ulisema mbele ya wote nimenona, nyumba inanipenda. Nilikuwa nimepoteza mimba. Ilikuwa siku ya tisa. Tumbo ilikuwa haijarudi."

Chef Bulonza alitafuta mahali pa kuweka mikono yake, akajaribu mifukoni, akajaribu mgongoni, mwishowe akaiacha ikining'inia.

"Sikujua, Perpétue."

"Hungeweza kujua. Ndiyo maana naisema."

"Ungeniambia..."

"Pale kwenye lango, chef? Na kahawa yako mukononi?"

Uwamariya alimtazama mwanamke yule aliyefanya naye kazi miaka tisa, akakumbuka kwamba siku ile ya mwezi wa kumi naye alicheka. Alicheka kwa furaha, hata, kwa sababu zamu ya pua ilikuwa haijafika. Ndipo akasimama, bila kuomba neno.

Akawasimulia bariyeri. Aliisimulia vizuri, kwa sauti ya kawaida, kamba, mijiti, kidole, kushoto, kulia. Aliwaonyesha hata mahali, hapa, chini ya kidevu. Akasema, "Chef akitaja pua yangu asubuhi, ninyi munasikia mzaha. Mimi nasikia kile kidole. Lakini mzaha si kitu, nimeuzoea. Mimi nililalamika juu ya Kibati."

Wanawake wawili walikuwa wanajifuta macho. Muzee Hategekimana, ambaye pua yake ilikuwa ya ukoo ule ule ila imepata bahati ya kuvunjwa na mpira ujanani, alikuwa ametazama chini kama mtu aliyepoteza kitu kwenye mchanga. Uwamariya aliketi, akidhani kwamba sasa wameelewa.

Chef Bulonza alikuwa na machozi ya kweli.

"Munaona?" alisema. Alitumia neno lile lile la kijana wa kamba, na hakujua. "Munaona sasa, ndugu zangu? Ndiyo maana nilikataa! Nitamutuma mama huyu kwenye barabara ile ile? Mimi? Mungu anisamehe kwa ile mizaha, lakini juu ya Kibati, munaona nilikuwa na haki."

Vichwa vikatikisika: ndiyo, ndiyo, chef ana haki. Mtu akamshika Uwamariya bega na kusema pole. Uwamariya alikuwa amebeba ushahidi dhidi yake mwenyewe kutoka Kyeshero hadi Himbi, akausoma kwa sauti nzuri. Na kibaya zaidi, alipokuwa anashuka kurudi ziwani, hakuwa na uhakika kwamba chef amekosea. Labda watu wa Kibati wangeona pua kwanza. Labda na yeye, akifika pale palipokuwa na kamba, angetazama chini. Mtu akikuambia jambo miaka tisa akicheka, halafu akuambie akilia, unafika mahali hujui tena lipi ni lake na lipi ni lako.

Kanuni ikatoka Alhamisi, ikabandikwa kila mlango. Kifungu cha tatu kilisema: "Ni marufuku kutaja, kusifu, kulaumu ao kulinganisha sehemu yoyote ya mwili wa mwenzako, kuanzia utosini hadi kisigino, wakati wa kazi." Kisigino kilipendekezwa na Modeste. Alisema bila mpaka wa chini watu wataleta ujanja.

Jumatatu iliyofuata, kazi ya lango ilibadilika kabisa. Chef Bulonza alisimama na kahawa yake akitazama saa ya ukutani.

"Mama Uwamariya. Ninaona... umefika."

"Nimefika, chef."

"Vizuri. Vizuri sana. Na saa imefika pia."

Muzee Hategekimana alichukua sheria kwa herufi: alifungua lango macho yakiwa yamefumbwa, na siku mbili mfululizo aliingiza mbuzi wa jirani. Perpétue aliugua malaria, akarudi macho yana rangi ya manjano, na hakuna aliyemwambia pole kwa sababu pole ingeonyesha kwamba ametazamwa. Alikaa mezani kwake mpaka saa sita, kisha akamwendea Uwamariya kwenye varanda.

"Wewe ndiyo ulituletea hii kimya."

"Mimi nilileta barua juu ya kazi, Perpétue. Wewe ndiyo ulitia alama."

"Fomu haikuwa na kisanduku ya kazi."

"Ninajua."

Wakakaa. Uwamariya akamtazama vizuri, usoni kabisa, kinyume cha kifungu cha tatu.

"Umekonda, dada," alisema. "Umeza dawa yote? Usiache katikati."

Perpétue akaanza kulia, akasema ni malaria.

Modeste alikwenda Kibati. Alikaa wiki tatu, akarudi na ripoti ambayo aliomba kuitoa kwa mdomo, kwenye ua, mbele ya chef. Uwamariya alikuwepo kwa sababu alikuja kuchukua ndoo za dawa.

"Kazi iko namna gani, Modeste?"

"Bomba inatoka maji, chef. Watu ndiyo hawakuje tena. Wanapita kando, wanachota kwenye mufereji."

"Kwa nini?"

"Wanataka mutu mwingine."

"Nani?"

"Hawajue jina."

"Sasa wanamusema namna gani?"

Modeste aligeuka akaitazama karatasi mlangoni. "Chef, ni kifungu cha tatu."

"Modeste!"

"Mimi nimesaini, chef. Niseme tu ni mama mumoja, na ile kitu yake iko kati ya macho na mudomo."

Nyuma ya lango Muzee Hategekimana alitoa sauti kama ya mtu aliyemeza nzi. Chef Bulonza hakucheka.

"Sema yote. Nafungua kifungu."

"Wanasema: yule murefu wa ile pua, wa Kanyaruchinya, iko wapi? Bibi mumoja alinishika jile. Aliniambia, yule mama alikuwa anapima maji kwanza, anatia dawa kidogo na kidonge kwenye kachupa, anangoja igeuke pinki, ndipo anatia kwenye bidoni. Mvua ikinyesha anaongeza. Wewe unatia tu kama chumvi. Mujukuu wangu anaharisha siku ya tatu." Modeste alishusha sauti. "Chef, kuna watoto tisa pale kwenye senta ya afya. Mimi nilitia kipimo cha kawaida. Ilinyesha sana."

Uwamariya aliweka ndoo chini. Watoto tisa. Alijua rangi ya maji yale baada ya mvua, kijivu cha majivu ya mlima wa moto, maji yanayokula dawa nusu kabla haijafika chini ya bidoni. Alikuwa na hasira, na hakujua amkasirikie nani. Alimtafuta Modeste usoni na hakupata mahali pa kushika, kwa maana ilikuwa sura ya watu wote, na sasa ilikuwa inalia.

Kesho yake chef aliwaita wote kwenye paiyoti, saa moja ya asubuhi, gari la Kibati likiwa limewashwa tayari uani. Alikuwa hajalala. Lakini mwanadamu aliyekosea sana ana njia mbili, kunyamaza au kuhutubia, na chef Bulonza hakujua ya kwanza.

"Ndugu zangu, leo ninasimamisha kifungu cha tatu kwa dakika kumi. Kuanzia sasa Mama Uwamariya ndiye musimamizi wa Kibati. Na ninataka historia iandike! Ile sura tuliiogopa, ndiyo sura watu wanaililia. Ile pua, mimi mwenyewe niliichekea, niliinyima kazi, leo ndiyo daraja ya amani! Mukiiangalia, muangalie vizuri, hii si pua tena, ni bendera! Ni njia ya watoto wetu kupatana!"

Watu wakapiga makofi. Wote walikuwa wanamtazama, kwa ruhusa, kutoka mbele na kutoka kando, kushoto na kulia. Uwamariya alisikia kidevu chake kikianza kushuka, akakizuia. Alifikiri juu ya barabara, ambayo hakuna aliyemwambia kama leo iko na kamba au haina. Alifikiri juu ya bibi aliyeshika jile, na kachupa, na mvua ya jana jioni.

"Mama Uwa," alisema chef, sauti ikikatika, "tuambie. Umesikia nini ndani ya roho yako, kuona uso wako umefika hapa?"

"Gari inaondoka saa ngapi?" alisema Uwamariya.